Picha Iliyolazwa Juu ya Jiko

Kalangalala, Geita
16 Februari 1997

Mdogo wangu Sostenes,

Pokea salamu zetu kabla hazijapoa njiani. Sisi wote wazima, ila jua ndilo halijambo kupita kiasi. Mvua imetusahau, mahindi yameishia magotini, na ng'ombe wanaopita barabarani hapa unaweza kuwahesabu mbavu. Martina mwanangu yuko darasa la sita na ameanza kukuiga. Ukimtuma maji anakuuliza maji yametengenezwa na nini. Nimemwambia yametengenezwa na miguu ya mama yake, kwa kuwa mimi ndiye ninayeyafuata bondeni.

Habari kubwa ni kwamba Baba amehama Shinyanga. Nyumba ya mtaa wa Kambarage ameipangisha, anasema tangu Mama afariki kuta zake zinamsemesha. Amekuja na kiti chake, redio yake na picha yako ya mahafali, nimempa chumba cha uani. Hoteli inakwenda. Wachimbaji wa dhahabu wanakula kama watu walioambiwa kesho hakuna chakula. Na mimi nimejenga jiko, Sostenes! Jiko la matofali ya kuchoma, lina bati na dohani. Miaka yote ile nilipikia chini ya turubai moshi ukiniliza kama mfiwa. Tangu mume wangu afuate samaki Chato na kukuta huko mke mwingine, jiko hili ndilo mume, ndilo ada ya Martina. Asubuhi nikilifungua huwa nalisalimia.

Sasa lililonikalisha kuandika ni hili. Wateja wanamuuliza Baba mwanawe anasoma nini huko Ulaya. Anasema fizikia. Wanasema sawa, lakini ukifika asubuhi unafanya nini? Baba anakohoa. Hebu andika kwa Kiswahili cha watu, asikohoe tena. Na uandike unarudi lini. Hilo la pili ndilo alilolitanguliza yeye, mimi nimelirudisha nyuma kwa adabu.

Dada yako,
Scolastika


Lund, Uswidi
23 Machi 1997

Dada Scola, shikamoo. Baba naye mfikishie shikamoo yake peke yake, usiichanganye na yako.

Barua yako imefika, nimeinusa kabla ya kuisoma, nikasikia harufu ya maharage. Huku theluji inayeyuka na kila mtu anatembea kama anavuka matope ya Maswa. Mimi mzima. Ugali napika kwa unga wa uji wa watoto, usimwambie mtu. Hongera sana kwa jiko. Martina mwambie maji yametengenezwa na hidrojeni na oksijeni, na kwamba mama yake yuko sahihi pia.

Kazi yangu ni hii. Tuna mashine ya leza. Inatoa mwanga mkali mno, wa kitambo kifupi ambacho hata kupepesa jicho ni karne mbele yake. Tunaupiga mwanga huo kwenye gesi kidogo. Gesi imeundwa na molekuli, na kila molekuli ina elektroni zake, vitu vidogo vilivyofungwa humo kama ndama zizini. Mwanga unang'oa elektroni moja na kuiburuta mbali. Lakini mwanga ni mawimbi, unavuta halafu unageuka na kusukuma. Unapogeuka, elektroni inarudishwa mbio mpaka pale ilipotoka. Nyingi zinapotea. Ile inayofika nyumbani inaachia nguvu zote ilizookota njiani, na nguvu hizo ndizo mwanga mpya, wa rangi ambazo jicho haliwezi kuziona. Tukiusoma mwanga huo tunajua molekuli iliachiaje elektroni yake.

Nimewawekea picha ya mwanga wenyewe. Ni mistari myeupe kwenye weusi, imepangana kwa namba witiri tu, shufwa hazipo. Mbele mistari inafifia, katikati inalingana, halafu ghafla inakatika. Picha hii ilinichukua majira mazima ya baridi.

Kuhusu kurudi, mambo yako kwenye mpango. Mashine ina foleni, na profesa wangu naye ana foleni yake.

Mdogo wako,
Sostenes


Kalangalala, Geita
11 Mei 1997

Sostenes,

Salamu, na hatujambo, na Martina kapata homa kapona, na mahindi tumeyakatia tamaa, basi. Leo salamu fupi kwa sababu nina hasira ndefu.

Picha yako imefika. Baba aliisoma barua kwa sauti hotelini, watu wakaacha vijiko hewani. Akamaliza, akaipitisha picha meza hadi meza. Ikafika kwa Donatus. Donatus humjui: ana duara lake upande wa mlimani, shimo refu ambalo mpaka leo limetoa mawe na kikohozi tu. Akaishika picha, akaitazama kama mfumu wa ramli anavyomtazama kuku aliyepasuliwa. Akasema, "Mzee Maduhu, hii ni mishipa ya dhahabu."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Wamekupangia hivi: unapiga mwanga, mwanga unaingia ndani ya kitu, unarudi na habari, unaiandika kwenye picha. Sasa kwa nini mtoto wa watu atume kwao picha ya hewa ya Uswidi? Ametuma picha ya kwao. Hizo namba witiri ni mishipa, hizo shufwa zilizokosekana ni mawe matupu, na pale inapokatika ghafla ni mwisho wa mwamba. Kila mchimbaji anajua mwamba hukatika ghafla.

Unakumbuka Babu alikuwa mfumu wa kuku, watu wanatoka Bariadi kuja kusomewa matumbo. Baba alibatizwa akayaacha hayo. Ajabu, Baba huyuhuyu ndiye aliyeilaza picha chini uani, akaizungusha, akaisogeza, akapima kwa hatua zake. Chumba chake kikapona. Mpapai ukapona. Choo kikapona! Mstari unaong'aa kuliko yote ukaenda kusimama kwenye jiko langu. Wanataka kulibomoa wachimbe.

Donatus ameshaleta sururu. Baba amesema, "Tungoje kwanza mwenye picha aseme." Basi sema. Au bora uje useme, maana kwa Baba barua yako ni karatasi, lakini uso wako ni amri. Kiwanja ni cha Baba, mimi nina matofali tu.

Dada yako mwenye jiko, kwa sasa,
Scolastika


Lund, 15 Juni 1997
(anwani mpya ipo nyuma ya bahasha, nimehamia nyumba ya vyumba viwili)

Dada, shikamoo. Baba, shikamoo. Martina pole na homa.

Nilisoma barua yako kazini nikacheka mpaka nikaulizwa nina nini. Halafu nikaisoma tena nikaacha kucheka. Baba, nakuomba uisome barua hii hotelini kama ulivyoisoma ile.

Picha ile SI ya Geita. Haina dhahabu, haina mwamba, haina kitu chochote cha Tanzania. Ni picha ya gesi ya agoni, gesi mtungini. Mwanga ninaousoma hauwezi kupenya jiwe. Hauwezi kupenya hata hewa! Hewa inaumeza palepale. Ndiyo maana tunanyonya kwanza hewa yote kutoka kwenye chombo, ndipo tunaweza kuuona. Mwanga usiopenya hewa utaonaje dhahabu chini ya jiko la Dada? Naomba jiko liachwe.

Kazi yenyewe imefika mahali pagumu, na sina wa kumwambia ila ninyi. Kuna gesi mbili, xenoni na oksijeni. Elektroni zao zimefungwa kwa kamba ya nguvu karibu ileile. Basi ukizipiga kwa mwanga uleule, ilipaswa ziachie sawasawa. Xenoni inaachia. Oksijeni inang'ang'ania. Kwa nini? Mimi sijui, profesa hajui, na mtafiti mwenzetu aliye Kanada naye hajui. Mchana wote nautumia kuigombeza oksijeni.

Kuja sasa hivi haiwezekani, Dada. Zamu yetu ya mashine imepangwa Agosti, na ukiikosa unarudi mwisho wa foleni. Nadhani maelezo haya yatatosha.

Sostenes


Kalangalala, Geita
3 Agosti 1997

Mdogo wangu msomi,

Shikamoo zako zimepokelewa, marahaba. Tumevuna viazi vitamu, nimekukaushia kikapu cha michembe ingawa sijui kitaliwa na nani. Martina amekuwa wa tatu darasani.

Maelezo yako yametosha. Yametosha kunimaliza.

Baba aliisoma barua kama ulivyoomba. Alipofika pale unaposema mwanga huonekana pasipo hewa, Donatus alisimama akapiga meza, mchuzi ukamwagika. "Mmesikia? Pasipo hewa! Duara langu kule chini halina hewa, kibatari kinazima! Na nyie mlisema hakuna kitu!" Hoteli nzima ikaingiwa na uhai. Halafu akageukia ile SI uliyoiandika kwa herufi kubwa. Akasema, "Huyu ana akili. Barua zinafunguliwa njiani. Kwani mfumu gani aliwahi kutangaza kwenye bahasha? Akikuambia hakuna kwa herufi ndogo, hakuna. Akikuambia kwa herufi kubwa, ujue ipo."

Kila neno ulilokana limekuwa ushahidi. Ungenyamaza tu, Sostenes, labda wangechoka.

Sasa kamba imefungwa kutoka mpapai hadi mlangoni mwa jiko. Ninapika nikiiruka. Lakini kuna jambo silielewi. Kamba ipo, sururu zipo, vijana wa Donatus wapo na wanakula kwa mkopo wa dhahabu ijayo, ila Baba haruhusu waanze. Kwanza alisema wangoje mwezi uandame. Mwezi ukaandama. Akasema wangoje sikukuu ya watakatifu. Barua yako ilipofika aliigeuza nyuma kwanza, akatafuta tarehe ya kuja. Akauliza, "Hajasema anakuja lini?" Nikamwambia hajasema. Akaenda mwenyewe kuikaza kamba.

Njoo, Sostenes. Sikuombi zawadi wala koti. Njoo usimame uani useme kwa mdomo wako kwamba picha haina kitu, nami nitabaki na jiko langu. Desemba ni wakati mzuri, kuku watakuwa wamenona.

Kuhusu hiyo oksijeni yako: Martina anasema shuleni wamefundishwa oksijeni hutembea wawili wawili. Basi si ndiyo hiyo? Wameshikana mikono, hawaachii. Na xenoni ni kapera. Na wewe una vyumba viwili: kimoja unalala wewe. Cha pili analala nani?

Dada yako,
Scolastika


Lund, 14 Septemba 1997

Dada Scola, shikamoo, na pongezi kwa Martina, nimemwekea kalamu ya wino ndani ya bahasha, ikivuja mnisamehe.

Hapa majani yanageuka rangi. Mimi mzima.

Jibu la Martina kila mtu huanza nalo, hata mimi nilianza nalo. Lakini naitrojeni nayo hutembea wawili wawili, na yenyewe inaachia bila ubishi. Kwa hiyo kushikana mikono si sababu. Wengine wapo wawili na wanaondoka tu.

Nimefikiri sana juu ya jiko. Nimeona kwamba ukweli nimeujaribu mara mbili, na mara zote mbili umewanufaisha wachimbaji. Basi nimefanya jambo ambalo profesa wangu akilijua atanifukuza. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, imekunjwa peke yake, ya Baba. Imeandikwa hivi:

"Baba, shikamoo. Nimeikagua upya picha nikiwa huku. Ililazwa vibaya. Babu alikuwa akisema kuku akilazwa kichwa kusiko, hata mfumu mkubwa atasoma ya jirani. Kichwa cha picha kikae mashariki. Mkiilaza hivyo mstari mkubwa unaangukia kona ya chini ya kiwanja, kwenye matete, mbali na nyumba zote. Chimbeni hapo. Jiko msiliguse, chini yake pamekatika."

Nimepachagua kwa sababu matete hayaoti penye ukavu, na wewe umechoka kufuata maji bondeni. Wasipopata kitu watakuwa wamekuchimbia kisima. Nimeona aibu kuandika, Dada, lakini kalamu ilikwenda vizuri kuliko ninapoandika ripoti.

Desemba sitaweza. Kuna mambo ya mkataba. Nitayaeleza vizuri yakishatulia. Nadhani kwa karatasi hii hakuna tena haja ya mimi kuja haraka.

Mdogo wako,
Sostenes


Kalangalala, Geita
28 Desemba 1997

Sostenes,

Hizi salamu za Krismasi zitakufikia Pasaka. Mvua iliyotusahau imetukumbuka kwa hasira, wenyewe wanaiita El Nino. Daraja limekwenda, basi la Shinyanga lililala njiani na watu wake, na barua yako ya Septemba nimeipata Novemba ikiwa imevimba. Kalamu ilivuja. Martina anaandika kwa kuchovya, amefurahi hivyohivyo.

Jiko liko palepale. Anza kwa kushukuru hapo, kama ninavyoanza mimi.

Karatasi yako ilisomwa hotelini. Donatus alijipiga paji la uso: "Kichwa mashariki! Tulikuwa tunasoma ya jirani!" Hakuna aliyebisha. Walichimba kwenye matete wiki ile, na kabla hawajafika kimo cha watu wawili, maji haya hapa. Maji meupe, matamu. Unadhani walikata tamaa? Donatus amesema maji ndiye mlinzi, na penye mlinzi kuna mali. Amewahamishia vijana kwenye duara lake la zamani, kichwa mashariki. Mimi nimebaki na kisima. Siendi tena bondeni. Nimekunywa maji yako ya uongo, Sostenes, na ni matamu. Asante.

Sasa Baba. Picha yako ya mistari amekwenda kuiwekea fremu dukani kwa Pranlal, imetundikwa ukutani hotelini. Watu wanakuja kusomewa. Wametoka mpaka Chato. Mmoja kapoteza ng'ombe, mwingine mke, na Baba anaitazama mistari, anawauliza hiki na kile mpaka wanajitajia wenyewe. Kila mtu anakuja na kuku. Hoteli yangu sasa ni kuku asubuhi na jioni, padri amepita akanuna, akala paja. Wakimuuliza mwanao anakuja lini, anasema, "Aje kufanya nini? Si mnaona anaona vizuri zaidi akiwa mbali?" Wanatikisa vichwa. Kuna sentensi yako moja anawarudia: kinachong'olewa kinatoa mwanga kikirudi nyumbani. Wanadhani anasema dhahabu.

Juzi mchana tulikuwa tunanyonyoa kuku, mimi na yeye, jikoni. Nikamwambia, "Baba, wewe mtu wa kanisa, na fremu tena? Unaamini kweli ile picha?"

Hakuinua macho. Akasema, "Scola, ng'wanone, mwanangu, mimi nilisoma mpaka darasa la nne, sikusoma mpaka upumbavu. Kwenye picha ya mtungi wa gesi nitaiona Geita vipi?"

Nikaacha kuku. Nikamwambia, "Ulitaka kubomoa jiko langu!"

"Nani alibomoa? Uliona tofali limetoka? Niliuweka mstari pale kwa mkono wangu. Nikasema, huyu kijana kwa ajili yangu haji, nimeshaona. Kwa ajili ya kaburi la mama yake hakuja. Lakini dada yake ndiye aliyembeba mgongoni, akisikia linabomolewa jiko la dada yake atapanda ndege. Nikakaza kamba, nikangoja." Akanyonyoa kidogo. "Babu yenu hakuwa anasoma kuku. Alikuwa anasoma aliyemleta kuku. Nami nikamsoma mwanangu. Nimemsoma vibaya. Badala ya kuja, kaleta karatasi. Tena karatasi nzuri."

Akasema nisikuandikie. Nimekuandikia, na nimelia, na sasa hakuna moshi wa kuusingizia. Nilikuwa nikikuomba uje uokoe jiko. Jiko umeliokoa, basi sina cha kukuitia tena, na ndicho kinachoniuma.

Chumba cha pili hukukijibu, nikajijibu mwenyewe. Msalimie. Mwambie huku tunakula kuku.

Kamba bado ipo, Sostenes. Vijana waliifungua, Baba akaichukua. Leo asubuhi nimemkuta uani ameishika, anapima kwa hatua kutoka mpapai hadi mlangoni mwa chumba chake mwenyewe.

Dada yako,
Scolastika